Picha Iliyozeeka na Mwenyewe

Wembe ulikuwa mpya. Niliuona ukitolewa kwenye karatasi yake, na baadaye kidogo nikamwona fundi akiulowesha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akaanza kumkwangua mkewe shavu la kushoto. Ilikuwa saa tano kasoro robo asubuhi, katika chumba cha darasa la tano la shule niliyokuwa nikifundisha, Kanoni, mbele ya kamati ya kijiji. Mkewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, kwenye dawati la watoto, mikono magotini, akiutazama uso wake ukitoka vipande na kuanguka sakafuni. Uso ule ulikuwa wa picha, umechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya turubai. Lakini chumba kizima kilikuwa kikitazama kama watu wanaosubiri daktari amalize kushona kidonda.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka Muleba, huo ukiwa mwaka wangu wa tatu tu pale, na walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Nakala ya kauntabuku lile la muhtasari ninayo mpaka leo. Ninayoyasimulia hapa nimeyalinganisha nayo, na pale ambapo niliandika tofauti na nilichokiona nitasema.

Fundi alikuwa mtoto wa Kanoni. Aliondoka kijana, kabla ya vita vya mwaka 1978, akaenda upande wa Kyerwa, karibu na Kaisho. Huko aliishi kwa kuandika majina ya maduka ukutani na kupaka rangi milango na madirisha ya makanisa. Huko ndiko alikooa. Mkewe alikuwa binti wa watu waliotoka Rwanda zamani. Walivuka naye akiwa mgongoni, wakapalilia kahawa za Wanyambo, wenyeji wa pande zile, mpaka wakapata kipande chao cha ardhi. Alikulia hapo, akabatizwa hapo, akaolewa hapo. Kinyambo alikisema vizuri kuliko mimi, ambaye Kihaya changu kilikuwa karibu nacho lakini kilichekesha watu sokoni.

Halafu mambo mawili yalifuatana. Nyumba yao ya Kaisho iliungua, na baba yake fundi akafariki Kanoni akaacha kibanja, shamba lake la migomba na mibuni, bila mtu wa kukitazama. Fundi akarudi na mkewe. Walirudi msimu ule ule ambao watu walianza kuvuka Mto Kagera kwa wingi, wakikimbia mauaji ya kwao, na walikuja kwa barabara ile ile. Kijiji kilimtambua fundi. Mwanamke aliyekuwa ameshika godoro kando yake hakuna aliyemjua.

Niliwaona wakishuka garini, kwa sababu nyumba ya mwalimu ilipakana na kibanja chao, tukitenganishwa na mstari wa mibuni. Fundi alishuka na kitu kipana kilichofungwa kwa blanketi, akakibeba kama mgonjwa. Mkewe akateremsha vitu vingine vyote.

"Shikamoo mama. Nikusaidie godoro?"

"Marahaba. Nisaidie tu, mwanangu. Huyu mzee usimtegemee. Nyumba ilipowaka aliitoa picha kwanza. Mimi nikajitoa mwenyewe."

"Wewe una miguu," fundi alisema bila kugeuka.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kulikuwa na picha. Sanduku la bati lenye karatasi za mama, cheti cha ubatizo na kadi ya ukaazi aliyopewa pamoja na wazazi wake, lilikuwa limebaki ndani ya moto. Hilo nalo alilisema siku hiyo hiyo, kwa sauti ya mtu anayetaja sufuria iliyopotea. Wakati ule sote hatukuona uzito wake.

Picha ilitundikwa sebuleni, juu ya benchi la wageni. Ilimwonyesha ameketi kwenye kigoda, kitambaa cha bluu kichwani, ungo wa maharage mapajani, mikono yote miwili imeshika kingo za ungo. Nina tabia ya kutazama kitu mpaka nikione. Siku ya tatu au ya nne ya kwenda kwao niliona jambo lisilokaa sawa. Fundi alikuwa ameniambia kwamba aliichora mwaka wa pili baada ya vita, yaani miaka kumi na mitatu hivi nyuma. Lakini kwenye kifundo cha mkono wa yule mwanamke wa pichani palikuwa na kovu la moto, na kovu lile mama alilipata nyumba ilipoungua. Lilikuwa bado halijapoteza wekundu mkononi mwake.

"Mama, samahani. Picha hii hasa ni ya lini?"

Alicheka. "Ya zamani, na ya juzi. Keti nikueleze." Akanimenyea ndizi mbivu kwanza. "Wageni walikuwa wakiingia kwangu kule Kaisho, wanatazama ukutani, halafu wananitazama mimi, halafu wanasema pole. Pole ya nini? Mimi sikuumwa. Nilikuwa nimekonda, nimechakaa kidogo, basi. Kila mgeni ananipa pole kwa ajili ya yule wa ukutani. Nikamwambia mzee, ama uichome, ama uifundishe kunifuata."

"Nikaifundisha," fundi alisema kutoka uani. "Inamfuata kuliko ninavyomfuata mimi."

Tangu hapo, kila mwaka, kahawa ikishaanikwa na kukauka, fundi alimketisha mkewe siku moja mbele ya picha na kupaka juu ya uso wa mwaka uliopita uso wa mwaka huo. Miaka mingine ulikuwa ni mstari mmoja tu kando ya mdomo. Miaka mingine alipaka shavu lote. Hakukwangua rangi ya chini. Aliisugua kwa msasa kidogo na kuweka mpya juu. Mwenye duka mmoja wa Kaisho, alisema, alimcheka kwamba anamzeesha mkewe kwa makusudi. "Nikamwambia, wewe wako anazeeka bure."

Nililishuhudia zoezi hilo mara moja. Mama aliniita nikae naye asisinzie. Fundi alikuwa na kopo la rangi ya kahawia alilonunua kwa mfanyabiashara wa pale Kanoni, na brashi mbili, moja imebaki nywele chache. Mama alimpa masharti kama mteja wa cherehani.

"Usinipunguzie."

"Mwaka jana nilikuongeza, ukanuna siku mbili."

"Uliniongeza shingo. Shingo yangu haijaongezeka."

Usubi walikuwa wengi siku ile. Walitua kwenye rangi mbichi na kunaswa, na fundi alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa mwiba wa mchungwa. Aliniambia kwamba asiyetolewa mapema hukauka humo, na ukipaka juu yake anabaki milele kama chunjua. Nilisogea kutazama kwa karibu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ungo wa maharage ulikuwa umeinuka kuliko sehemu nyingine zote za picha, rangi imerundikana juu ya rangi, ya juu kabisa ikiwa kahawia mbichi ya siku ile. Nikaunyooshea kidole niuguse.

"Hapo usiguse, mwalimu," mama alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nikarudisha mkono.

Mwaka ule ule, mvua za Novemba zilipoanza, ikaja amri ya kutenganisha watu. Waliovuka zamani wabaki, waliovuka sasa wapelekwe kambini. Mwanzoni, watu wale walipofika, tuliwapa ndizi na maji, na wengine waliwapa hata mahali pa kulala. Baada ya mwaka mmoja kuni zilikuwa zimekwisha vilimani, migomba ilikatwa usiku, na lugha ya watu ikawa imebadilika. Neno "mgeni" lilianza kutamkwa kwa namna ya kutema. Mke wa fundi alionekana gulioni akiongea Kinyarwanda na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Akamlaza kwake siku mbili. Wiki iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kuulizwa.

Maneno yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa haya: mke halisi wa fundi alikufa kwa moto Kaisho, na huyu aliokotwa barabarani, akapewa jina la marehemu. Nani alianza kuyasema sijui. Niliuliza, kila mtu akanitajia mwingine.

Mwenyekiti wa kijiji alimtuma balozi mmoja wa nyumba kumi Kaisho kwa baiskeli alete mashahidi. Alipewa siku nne. Mvua ikakata barabara, na siku ya tano, ambayo ndiyo asubuhi ninayoisimulia, balozi alikuwa hajarudi. Ofisa kutoka wilayani alikuwa amefika, na lori lilikuwa limeegeshwa chini ya uwanja wa shule, turubai limefungwa nusu. Tayari lilikuwa na watu ndani. Lilitakiwa kuondoka saa sita.

Waliokaa mbele walikuwa tisa, pamoja na ofisa. Ninahitaji kuwataja watatu tu. Mwenyekiti, mzee wa Kinyambo aliyemfahamu baba yake fundi na aliyekuwa akitafuta njia ya kumsaidia bila kuonekana. Ofisa, mtu mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni na kikohozi. Na yule mfanyabiashara, mtu wa Bukoba, muuza vifaa vya ujenzi, misumari na rangi. Simwandiki kwa ubaya. Alikuwa amevunjiwa duka mara mbili mwaka ule, na alisema alichokijua.

Walimuuliza mama maswali kwa Kinyambo, akayajibu, akarekebisha na lafudhi ya mmoja wa waulizaji. Watu wakacheka.

"Huyu anasema Kinyambo kuliko wewe, mzee mwenzangu," mwenyekiti alimwambia aliyeuliza.

"Lugha inajifunzwa," alisema mfanyabiashara. "Hata mimi nimejifunza, na mimi si Mnyambo. Tunataka kitu cha kushika."

Ndipo fundi alipoomba ruhusa, akaenda nyumbani, akarudi na picha. Aliisimamisha mezani kwangu, ikiegemea ubao, kwa sababu meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha. Alikuwa na furaha, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana silaha. "Huyu hapa. Nilimchora mwaka wa pili baada ya vita. Tazameni, kisha mtazameni yeye."

Walitazama. Walifanana kama mtu na kioo chake. Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Mfanyabiashara aliinuka, akavaa miwani, akasogea. Alinusa. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ungo wa maharage, akabonyeza. Rangi ikabonyea, alama ya ukucha ikabaki.

"Rangi ya miaka kumi na minne haibonyei," alisema. "Na hii kahawia nimemuuzia mimi, kopo la mwisho, mwezi wa tisa. Mzee, samahani sana. Lakini mke wako wa zamani alikuwa na kovu la moto kabla ya moto?"

Hakuna aliyecheka. Fundi akaeleza desturi yake, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Mtu gani anamzeesha mkewe kila mwaka kwa brashi? Ofisa akauliza kama kuna shahidi. Nikasimama. Nilisema nilimwona mwaka huu akipaka juu ya picha iliyokuwapo.

"Mwalimu umeona mara moja," alisema mfanyabiashara, kwa upole. "Mara moja si desturi. Wewe mwenyewe unafundisha hesabu."

Nikakaa. Nikaandika: *Shahidi ameona mara moja.* Ilikuwa kweli.

Chini ya uwanja dereva wa lori alipiga honi fupi.

Mama alisema, akimwangalia ofisa, si mumewe. "Andika hiki, mwalimu, kabla mtu hajaigusa picha. Chini ya huo ungo kuna mtoto. Amelala mapajani kwangu, kichwa upande huu wa kushoto. Mkono mmoja umetoka nje ya kanga na umeshika kidole changu hiki. Mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Soksi ni nyekundu. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Basi kwangueni ungo."

Fundi alisema, "Hapana."

Sababu niliielewa baadaye, kwa maneno machache aliyoyasema fundi pale pale na mengine aliyoyasema miezi iliyofuata. Mtoto wao wa pekee alifariki kwa surua kabla hajatembea. Picha ilikuwa imechorwa akiwa hai. Baada ya maziko mama hakuweza kuipita sebuleni. Akamwomba mumewe amfunike mtoto, na akamtaka aahidi kwamba hatafunuliwa tena. Fundi akachora ungo. Huo ndio upakaji wa kwanza. Zile pole za wageni, na kule kukonda kwa mwenyewe kulikomfanya adai picha imfuate, vilitoka hapo. Picha haikuanza kuzeeka kwa mchezo.

"Niliahidi," fundi alisema. "Hapo sikwangui."

"Mimi ndiye niliyekuahidisha."

"Hata kama."

"Basi nitakwangua mimi."

Mwenyekiti alituma mtu dukani kwa mfanyabiashara, na wembe ukaja. Mama akasimama mbele ya picha yake mwenyewe. Alikwangua kama mtu anayeparua magamba ya samaki, kwa mipigo mifupi kuelekea chini, bila haraka. Rangi ya juu, ile laini, ilitoka kama ute. Ya chini yake ilitoka kama maganda ya vitunguu. Maharage yakaisha. Kahawia ya ungo ikaisha. Nilikuwa wa kwanza kuona wekundu, kwa sababu nilikuwa karibu. Ilikuwa soksi. Halafu mguu usio na soksi, vidole vitano vya mviringo, kila kimoja na kucha yake. Alipofika kwenye mkono uliotoka kangani, akasimamisha wembe, akaukabidhi kwa mumewe, akaenda kukaa. Uso wa mtoto hakuufikia.

Ofisa aliniambia nisome nilichoandika. Nikasoma. Kila kilichofunuliwa kililingana.

Nilidhani yamekwisha. Nadhani hata mwenyekiti alidhani hivyo, maana alianza kukunja miwani. Mfanyabiashara alikuwa ameinamisha kichwa, na alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, lakini alizungumza.

"Mama, pole kwa mtoto. Lakini nitasema, kwa sababu nisiposema hapa kitasemwa nje. Aliyechora anajua alichochora. Mume anaweza kumwambia mke wa pili yaliyo chini ya ungo. Mtoto ameonekana. Mama wa mtoto hajaonekana."

Ofisa alikohoa. Akamtazama fundi, akaonyesha uso wa picha kwa kalamu.

Hapo ndipo mahali nilipoanzia. Fundi aliulowesha wembe akaanza na shavu la kushoto. Tulihesabu nyuso zikiondoka. Ule wa mwaka huu, wenye mstari mzito kando ya mdomo. Mmoja uliokuwa na shavu limevimba kidogo; mama alisema, bila kuulizwa, "Mwaka wa jino." Mmoja wa kijivu kabisa. Mmoja uliokuwa na kitambaa cheusi kichwani badala ya bluu. Fundi hakuwa na picha nyingine ya mkewe popote, ya kamera wala ya brashi, na kila alichokiondoa hakikuwa na pa kurudi. Jasho lilimdondoka kwenye pua. Alifanya kazi safi, hata hivyo. Hakuchana turubai hata mara moja.

Alipofika uso wa mwisho rangi ilibadilika, ikawa na mng'ao. Palionekana jicho moja, sehemu ya pua, na shavu, vya msichana wa miaka kama ishirini. Saa sita ilikuwa imekaribia, lori likawashwa, na ofisa akasema, "Inatosha. Mwalimu, wewe uko karibu na una mwanga. Linganisha, kisha andika. Uso wa chini na wa huyu mama ni wa mtu mmoja?"

Nilisogea. Nitaandika nilichokiona kwa utaratibu niliokiona. Jicho lilikuwa lake. Lilikuwa na ule mteremko mdogo wa kope upande wa nje. Pua iliweza kuwa yake, iliweza kuwa ya yeyote. Na chini ya jicho, kwenye shavu, palikuwa na doa jeusi, dogo kuliko punje ya mtama, limeinuka kidogo. Mama hana doa hapo. Nilimtazama. Hana doa wala alama ya doa.

Nilifikiria usubi na mwiba wa mchungwa. Nilifikiria pia kwamba mtu mwenye doa shavuni haliachi njiani. Kuliuliza swali hilo kwa sauti kungekuwa kulijibu, kwa sababu mfanyabiashara alikuwa amevaa tena miwani yake. Fundi alikuwa amesimama na wembe, na alikuwa akiutazama mkono wangu, si uso wangu. Sikugeuka tena kumtazama mama.

Nikaandika: *Unafanana. Hakuna tofauti iliyoonekana.* Hapa ndipo nilipoandika tofauti na nilichokiona.

Ofisa alisoma, akatia saini. Akasema hawezi kutoa uamuzi wa mwisho pale. Atakwenda na muhtasari na picha wilayani, na jibu litatumwa. Mpaka hapo mama abaki. Akafunika picha kwa gunia.

"Na mtoto?" mama aliuliza.

"Mtoto gani?"

Akanyoosha kidole kwenye gunia. Ofisa akalitazama gunia. "Atarudi pamoja na jibu," alisema.

Lori liliondoka bila yeye. Balozi alirudi kutoka Kaisho siku mbili baadaye, baiskeli begani, peke yake. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, na hakufika.

Jibu halikuja mwezi ule, wala mwaka ule. Kambi zilifungwa, watu wale wakarudishwa kwao, maofisa wakahamishwa. Mama aliendelea kupalilia migomba, lakini gari lolote lililopanda mlima kuelekea kwetu lilimfanya anyooke na kusimama na jembe mpaka lipite. Msumari wa picha ulibaki ukutani juu ya benchi. Kahawa ilipokauka mwaka uliofuata nilimwona fundi akimketisha mkewe uani kwa muda, bila turubai, bila brashi, akimtazama tu. Kisha kila mmoja akaenda kwenye kazi zake. Mfanyabiashara alimletea fundi kopo la rangi, akaliacha mlangoni, na halikufunguliwa.

Kuhusu muhtasari mama aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tukichambua kahawa.

"Uliandika kwamba unafanana."

"Ndiyo, mama."

"Asante," alisema, akaendelea kuchambua.

Alianza kuja kwangu miaka miwili baada ya hapo, kila kahawa inapokauka. Picha ile, akasema, ndiyo sura pekee ya mwanawe iliyopo duniani. Alipoikwangua alimwacha bila uso kwa sababu mkono ulimshinda, na sasa anataka aimalizie mwenyewe. Niandike barua ya kuiomba. Nilichukua karatasi, nikaandika mahali, tarehe, kichwa cha barua, na salamu. Kisha nikasimamisha kalamu, na yeye alijua kwa nini. Anayeomba picha anaomba faili. Anayefungua faili atakuta halina jibu, na atatakiwa kulijibu.

"Tungoje kidogo, mwalimu," alisema.

Mwaka uliofuata alikuja tena. "Tuandike?" Nikaitoa karatasi. Tukaitazama. "Tungoje."

Nilipohamishwa kutoka Kanoni, barua ilikuwa bado haijapita salamu. Niliiacha kwake, na kalamu. Huwa najiambia kwamba picha ikipatikana nitamtazama mtoto kwanza, kama mtu yeyote angefanya. Si kweli. Nitatazama shavu, chini ya jicho la kushoto, kujua kama kile nilichokiona kilikuwa na mbawa za usubi.